Bibi Harusi wa Kushikizwa Pini

Ukitaka kujua mgongo wako ukoje, achana na kioo. Vaa gauni la harusi la mtu mwingine, simama mbele ya taa, mtu akupige picha bila kukwambia, halafu ngoja watu waamke.

Mimi niliambiwa mgongo wangu ni kama mlango wa stoo. Niliambiwa nimesimama kama baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Mwingine akasema shela limenikaa kama chandarua kilichokosa msumari, na huyo nilimpa haki yake, maana shela lilikuwa halijashonwa. Lilikuwa limeshikizwa kwa pini tu, na pini zenyewe nilizishikiza mimi.

Mimi ni fundi wa mavazi. Kazini wananiita Pini. Tamthilia tunayoitengeneza imetoka kwenye kile kitabu cha jalada jekundu, na kama una mama, shangazi au jirani, basi hicho kitabu unakijua hata kama hujakifungua. Muuguzi anampenda Daktari. Daktari anakwenda masomoni, nchi ya mbali, anapotelea huko. Dereva wa gari la wagonjwa anampenda Muuguzi kimyakimya, anamletea mwavuli mvua ikinyesha, lakini Muuguzi hamwoni, anangoja tu. Ukurasa wa mwisho Daktari anarudi. Harusi. Hapo ndipo mama zetu wote walipolilia, kila mmoja akidhani analia peke yake.

Sasa ile picha. Siku ile yule nyota wetu, mwigizaji wa Muuguzi, alikuwa na mafua. Mimi nilitaka kupima pindo la gauni lake. Mtu wa taa naye alitaka kuona kitambaa cheupe kinavyopokea mwanga, kwa sababu cheupe kina kiburi, ukikimulika vibaya kinameza uso wa mtu. Kwenye kazi yetu jambo hilo halina maajabu: mwenye nafasi akikosekana, yeyote aliye karibu anasimama badala yake. Nikavaa gauni. Bwana harusi hakuwepo pia, basi mtu wa taa akasimama mwenyewe, na ovaroli lake na waya begani. Akanyoosha mkono, akalisogeza shela, akaweka kiganja karibu na shavu langu kuangalia kivuli kinaangukia wapi.

Pa! Mtu akapiga picha. Mpaka leo hatujamjua.

Kulipokucha, mtandao mzima ulikuwa unawaka. "Daktari harudi!" "Muuguzi anaolewa na Dereva, oneni ovaroli!" "Wametuletea bibi harusi wa bei ya jumla!" Watu walikosea mambo mengi kwenye picha ile. Lakini kulikuwa na mmoja aliyeandika hivi: "Huyu mwanamume haigizi. Hebu tazameni macho yake."

Wote wengine niliwajibu kichwani. Huyo sikumjibu. Huyo aliona.

*

"Pini!"

Mtayarishaji wetu tulimwita Madam Kengele, akiwa mbali. Aliingia chumba cha kushonea ameishikilia simu kwa vidole viwili, kama kitu alichokiokota njiani.

"Umeona ulichonifanyia?"

"Nilisimama tu, Madam."

"Ulisimama! Kuna watu wanasema watavunja televisheni zao."

"Sasa watatutazamia wapi?"

"Usinichekeshe, Pini, sitaki kucheka leo. Huyu hapa anasema Dereva akimwoa Muuguzi, na yeye anamwacha mumewe."

Sauti ikatoka juu, kwenye ngazi, ambako mtu wa taa alikuwa anafunga waya darini. Kazini wanamwita Swichi. "Na mume anasemaje?"

"Wewe shuka! Shuka nikuone!" Madam akasubiri mpaka viatu vyake vikagusa sakafu. "Kesho asubuhi Pini anakaa hapa hapa, anaingia laivu kwenye ukurasa wetu. Maneno ni machache. Mimi ni fundi wa mavazi. Huyu ni mtu wa taa. Mwisho wa hadithi haujabadilika. Na hakuna lolote kati yangu na yeye."

Nilihesabu kimoyomoyo. Matatu ya kwanza yalikuwa kweli.

"Hilo la mwisho linaihusu vipi tamthilia?"

"Linahusu kwa sababu watu hawaongei gauni tena, wanaongea mkono! Mkono wa huyu! Wakijua mna lenu, hadithi yangu imekwisha, itaanza ya kwenu." Akanitazama, akamtazama Swichi, akanitazama tena. "Kwani mna lenu?"

Nikavuta cherehani karibu, kama mwenye kazi ya haraka.

"Kesho asubuhi," Madam akasema, akaondoka bila kungoja jibu, kama mtu anayejua jibu litamharibia chakula cha mchana.

Swichi akaanza kukunja waya. Anapokuwa na neno zito hukunja waya, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, mpaka neno litoke.

"Sema tu," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Anachotaka. Maneno ni upepo. Mimi najua, wewe unajua."

"Na mama yako anajua?"

"Mama yangu? Kila siku ananiuliza mkwe wake amekula nini." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Swali ni mama yako wewe."

Nikaokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

"Unaona? Mimi nimezoea, Pini. Kazi yangu ni kumulika watu. Mwenyewe nakaa nyuma ya taa, na nyuma ya taa ndiko kwenye giza. Siumii."

"Muongo."

"Naumia kidogo."

"Basi kwa nini unaniambia niseme?"

"Kwa sababu usiposema unakosa kazi, na nyumbani kwako kunawaka moto, na mimi nitakuwa mtu aliyeleta kiberiti." Aliutundika ule waya msumarini. "Jioni nikushushe wapi?"

Alijua. Aliuliza tu ili nilisikie jibu langu mwenyewe.

"Pale pale."

"Kona ya kinyozi."

"Kona ya kinyozi."

"Yule kinyozi," akasema, "nadhani anaamini ninamwogopa yeye."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na ule utani uliniingia mwilini kama pini iliyosahaulika kwenye nguo mpya: hujui iko wapi mpaka ukae.

*

Nilimkuta mama mezani, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kando yake mama mdogo anachambua mchele, macho yakiwa simuni na vidole vikijiendea vyenyewe. Lazima niwaambie kwamba mama yangu ndiye kiongozi wa Walinzi wa Daktari, kundi la mtandaoni lenye watu wengi kuliko mtaa wetu. Huko haongei kama mama. Huko anaongea kama jemadari.

"Ndugu walinzi," alikuwa anarekodi sauti, "tusilale. Leo wanamwondoa Daktari, kesho watasema hata Muuguzi hakuwa muuguzi, alikuwa anauza vitumbua getini. Mwisho wa kitabu hauguswi!" Akaachia kitufe. "Mwanangu umerudi. Njoo umwone huyu kituko waliyemleta. Huo mgongo! Nimewaandikia mimi mwenyewe, mgongo kama mlango wa stoo, watu wameipenda sana hiyo."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Nani mwingine ana kipaji hicho?"

Nikasimama nyuma yake. Kwenye skrini nilikuwa mimi, uso umefunikwa na shela nusu, Swichi mbele yangu na mkono wake. Sikuwahi kuitazama vizuri. Nilikuwa nasoma maneno ya chini tu. Kumbe huwa ananitazama hivyo. Mtu anakutazama hivyo halafu unamwambia akushushie kona ya kinyozi.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Wewe uko huko huko kazini. Ni kweli wamebadilisha?"

Mama akageuka. Macho yake hayakuja usoni kwangu, yalishuka chini, miguuni. Akarudi kwenye simu, akaikuza picha kwa vidole, akashusha mpaka kwenye pindo nililokuwa nimelipandisha ili nilipime. Chini ya gauni lile la thamani, bibi harusi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Wa pili ulikuwa unajisugua kwenye shavu la mguu wa kwanza.

Na mimi pale, nyuma ya kiti, nilikuwa nafanya vivyo hivyo.

"Tangu mtoto," mama akasema polepole. "Tangu mtoto, ukiwa na jambo unalificha, unasimama kama korongo."

Mama mdogo akaacha mchele. "Mungu wangu! Mlango wa stoo ni mtoto wetu!"

"Nyamaza wewe." Mama akavua miwani. "Na huyu?"

"Mtu wa taa, mama. Alikuwa anapima kivuli."

"Anapima kivuli. Shavuni kwako ndiko anakotafutia swichi?"

Mama mdogo alijifunika mdomo kwa ungo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Ningeweza kusema hapana. Maneno yalikuwepo, Madam alishanikatia na kunipimia. Lakini nilikuwa nimeiona ile picha.

"Ndiye niliyenaye, mama. Muda mrefu sasa. Ananirudisha kila jioni."

"Anakurudisha wapi? Mbona sijawahi kumwona?"

"Kona ya kinyozi."

Heri angepiga kelele. Alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Mwenye duka la dawa alikuja Jumamosi," akasema. "Kwa mlango wa mbele. Na mama yake."

"Siyo daktari," mama mdogo akaongezea, "lakini madaktari wananunua kwake."

"Simtaki mwenye duka la dawa."

"Unamtaka mbeba nyaya! Baba yako naye alibeba nyaya. Za gitaa. Aliniaga hapo mlangoni, anakwenda kupiga harusi moja tu, Jumapili amerudi. Hiyo harusi mpaka leo haijaisha!" Sauti ilimpasuka katikati. "Watu wa jukwaani hawana kwao, mwanangu. Kwao ni kule kunakofuata."

"Swichi siyo baba."

"Wote siyo baba mpaka siku wanapoondoka."

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akakishusha kile kitabu. Jalada jekundu lilikuwa limeshapauka, kona zimekuwa laini kama kitambaa. Alikiweka kifuani. Nimemwona na kitabu kile maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza.

"Unadhani mimi ni mwehu, nagombana na watu nisiowajua kwenye simu. Dada zako wa kazini wanatucheka, najua, wanasema wamama wamekosa kazi. Nilikuwa nakunyonyesha wewe nilipokisoma hiki. Dunia nzima nilikuwa namjua mwanamume mmoja aliyerudi. Mmoja! Tena wa karatasi. Sasa mnataka kumwondoa na yeye."

"Mama, hajaondolewa."

"Lisemwalo lipo."

"Safari hii halipo."

"Basi litathibitika." Akasimama. "Nimeona tangazo kwenye ukurasa wenu, kesho utaongea. Nitakuwa nasikiliza. Useme huyo mwanamume siyo wako. Useme mbele ya watu, nikusikie kwa masikio yangu. Ukishasema, picha hii nitaisahau, na wewe hatutakukumbusha."

Akaingia chumbani na kitabu chake. Mama mdogo akarudi kwenye mchele, lakini sasa alikuwa anachambua ule aliokwisha kuuchambua.

"Anarudi kweli?" akaninong'oneza. "Daktari?"

"Anarudi."

"Afadhali," akasema, akapumua. "Mimi nampenda Dereva, lakini usimwambie."

*

Asubuhi Madam alikuwa amepanga kila kitu. Kiti, pazia la nyuma, simu kwenye stendi, karatasi yenye maneno yangu manne makubwa. Na kwa sababu Mungu naye ana utani wake, mtu wa kunimulika nikimkana alikuwa ni Swichi.

Alifanya kazi yake. Alisogeza taa kushoto, akaweka kitambaa mbele ya balbu ili mwanga usinichome, akarudi nyuma, akatazama, akaja tena akairekebisha kidogo. Yule nyota wetu mwenyewe hakuwahi kuwekewa taa kwa upole ule.

"Iko sawa?" nikamuuliza.

"Utaonekana vizuri," akasema. "Sema haraka, kama kubandua plasta."

Akaenda nyuma ya taa. Kutoka nilipokaa sikumwona tena. Niliona mwanga tu.

"Tupo hewani," Madam akasema.

Maneno ya watu yalianza kupanda kwenye skrini kama siafu. "Ndiye huyo!" "Mlango wa stoo umefunguka!" "Daktari arudi au tuzime!" Katikati yao nikaliona jina la kundi, na picha ndogo ya jalada jekundu. "Walinzi wa Daktari tupo. Tunasikiliza."

Mama.

"Hamjambo," nikasema. "Mimi ni fundi wa mavazi. Gauni lile si langu, nilikuwa napima pindo. Ndiyo maana shela lilikaa kama chandarua. Aliyesema vile ana jicho, aje tumpe kazi." Madam akaitikia kwa kichwa, endelea. "Mwisho wa kitabu haujaguswa. Gauni lile namshonea Muuguzi wa Daktari. Nimesoma ukurasa wa mwisho wa tamthilia kwa sababu siwezi kushona nguo ya harusi bila kujua nani anaoa." Nikasogea karibu na simu. "Anarudi. Unanisikia? Daktari anarudi."

Skrini ikafurika. Mioyo, machozi, mtu mmoja aliyetuma picha ya kuku sijui kwa nini. Madam akabana mikono kifuani kwa furaha, akanionyesha mstari wa nne kwa kidole.

Nikautazama ule mstari. Halafu nikaitazama taa.

"Kuna la mwisho nililoandikiwa niseme. Hilo silisemi."

Kidole cha Madam kikasimama hewani.

"Mmekesha mnagombana, Muuguzi amngoje aliyekwenda au amchukue aliyepo. Huyo Muuguzi ni wenu, mwacheni angoje, ndivyo alivyoandikwa. Mimi sijaandikwa na mtu. Mimi simngoji yeyote, kwa sababu wa kwangu hajawahi kwenda popote. Ananirudisha nyumbani kila jioni, na kila jioni mimi ndiye namfanya ageuze gari kabla ya kufika. Mkono mliouona kwenye picha ulikuwa unapima kivuli. Hiyo ni kweli. Na ni mkono wa mtu ninayempenda. Hiyo pia ni kweli." Nikanyanyua sauti. "Swichi. Njoo huku mbele."

Madam alikuwa anapitisha kidole shingoni, kata, kata.

"Ukikata, Madam, nakwenda zangu. Lakini pini za shela utazitoa wewe, na ziko nyingi."

Kidole kikashuka.

"Swichi! Wewe si umezoea giza? Mimi sijalizoea. Njoo."

Akatoka. Aliingia ndani ya mwanga wake mwenyewe akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa, ovaroli lile lile, waya begani. Hakujua mikono aiweke wapi. Nikamchukulia mmoja, nikauweka shavuni kwangu, pale pale ulipokuwa siku ile.

"Haya," nikawaambia watu. "Pigeni picha sasa. Hii ndiyo ya kuulizia."

Walichoandika sikukisoma chote. Wengine walilia, wengine walituambia tuoane kwenye sehemu ya tatu, wengine walirudia stoo yangu. Na hapo ndipo ile picha ndogo ya jalada jekundu ilipotokea tena, maneno yote kwa herufi kubwa.

"ALIYESEMA MGONGO KAMA MLANGO WA STOO NI MIMI. MIMI NI MAMA YAKE, NIMEUZAA HUO MGONGO. NYINYI WENGINE MMERUHUSIWA NA NANI? ATAKAYERUDIA NAMTOA KUNDINI."

Swichi akasoma, akasoma tena. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Sasa nimeelewa kwa nini tulikuwa tunashukia kwa kinyozi."

*

Ujumbe wa sauti ulinifikia tukiwa garini, jioni, stendi za taa zikigongana kiti cha nyuma. Nikauweka kwa sauti kubwa, maana mambo ya kujificha nilikuwa nimeyaaga.

"Sijakubali," mama alianza. Kwa mbali nilimsikia mama mdogo akisema mwambie, mwambie. "Nasema sijakubali, usije ukajisahau. Umenifanya nilie mbele ya kundi, mimi kiongozi. Umesema Daktari anarudi na nimekuamini, asiporudi tutaonana. Na huyo mtu wako..." Nikasikia kurasa zikifunguliwa na kufungwa. "Mwambie nyumba hii haina kona. Ina mlango. Kama ana miguu ya kuondokea, nataka kwanza niione ikiingia, kungali mchana, majirani wakiwa nje. Nitamuuliza maswali. Atajibu akiwa amesimama."

Ujumbe ukakatika. Swichi alishika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza kuendesha.

"Akinifukuza?"

"Utasimama nje mpaka achoke. Wewe si umezoea kusimama nafasi za watu? Leo simama ya kwako."

Kinyozi alikuwa nje ya duka lake, anakung'uta kitambaa. Alituona kwa mbali, akainua mkono kutusalimia, akasogeza na kigoda chake pembeni kama kila siku ili tupate pa kusimama.

Swichi akampigia honi. Wala hakupunguza mwendo.